Kabureta Iliyowazuia Wabebaji

Nilijifunza ufundi wa magari kwenye kitabu. Nilikuwa karani wa stoo Kibondo, na kitabu cha matengenezo ya pikapu za aina moja kilikuwa kimetupwa humo pamoja na matairi yaliyokwisha. Nilikisoma kwa kamusi, ukurasa kwa ukurasa, miaka miwili. Nilipohamia Kasulu mwanzoni mwa miaka ya tisini nilinunua pikapu ya aina hiyohiyo, kuukuu, ya petroli, na nikawa mtu anayeamini kwamba gari likipimwa sawasawa litatembea.

Jirani yangu alikuwa mama aliyevuka kutoka Burundi akiwa msichana. Alilima, aliuza maharage sokoni, na kwa zaidi ya miaka ishirini hakuwa amemwona mama yake mzazi, aliyebaki upande wa pili. Vita vilipoanza tena huko, watu waliingia kwa makundi, na Jumatatu moja dereva wa lori la magunia akamletea habari: mama yake, sasa bibi, yuko Manyovu mpakani, amelazwa kwenye darasa la kanisa, miguu imevimba, hawezi kutembea. Malori ya kuwahamishia wakimbizi makambini yalikuwa yanakuja siku yoyote. Akipakiwa kabla binti hajafika, nani angejua ameshushwa kambi gani?

Wanaume wa mtaa walikusanyika jioni hiyohiyo. Kwetu mgonjwa asiyetembea hubebwa kwa ingobyi, machela ya kusukwa yenye miti miwili mirefu, na kila nyumba ina zamu yake ya kutoa mabega. Walikuwa wanane, tayari kuondoka alfajiri. Wangefika Manyovu Jumanne jioni.

"Kaeni," nikawaambia. "Nakwenda na gari. Tukitoka asubuhi, kabla ya jioni bibi yuko hapa."

"Fundi, gari lako lina malaria," akasema mmoja wao. "Kila asubuhi linatetemeka, mtaa mzima tunaamka."

"Ni kabureta tu. Naijua."

"Letu sisi linakunywa pombe ya ndizi, na halijawahi kufunguliwa hata skrubu moja."

Wakacheka. Yule mama hakucheka. "Shemeji, una hakika?" Nikasema nina hakika. Basi akamtuma yule dereva, aliyekuwa anarudi Manyovu, amwambie mama yake asipande lori lolote, mtoto wake anakuja na gari.

Jumanne asubuhi gari lilikohoa kwenye mlima wa kwanza nje ya mji, likaisha nguvu, likazima. Tulilirudisha kwa mteremko. Nikatandaza kitambaa cheupe barazani, nikafungua kabureta na kupanga vipande kama kitabu kinavyoelekeza: boya, pini yake, jeti kubwa, jeti ndogo. Jeti kubwa, kile kitundu cha shaba kinachopitisha petroli, ilikuwa imezibwa na utando wa rangi ya machungwa. Nikaamua ni gundi ya petroli iliyokaa muda mrefu, maana kitabu kiliitaja. Niliisafisha kwa unyoya wa kuku, kwa sababu waya hupanua tundu. Nikapima kimo cha boya kwa njiti ya kiberiti niliyoikata kwa rula, na nikakata gasketi mpya kwenye jalada gumu la daftari. Saa kumi injini iliwaka. Nikazungusha skrubu ya hewa robo kwa robo mpaka mlio ukatulia kabisa. Lakini mvua ilikuwa imeanza, na barabara ile haiendeki kwenye matope.

"Kesho," nikamwambia.

Jumatano asubuhi likazima palepale, na utando uleule ulikuwa umerudi. Safari hii nililaumu tangi. Nikalishusha, nikaliosha, nikafunga kila kitu upya, na mchana injini ikaunguruma vizuri kuliko siku zote. Wabebaji walipita wakitoka shambani, wamelowa, maana mvua ilikuwa imerudi.

"Fundi, sasa tuondoke sisi?"

"Hapana. Limepona. Kesho asubuhi tunaondoka."

Yule mama alisimama mlangoni kwake na nguo za safari. Alikuwa anazivaa tangu Jumanne.

Alhamisi asubuhi halikuwaka kabisa. Nilipofungua mara ya tatu, niligusa utando kwa kidole. Gundi ya petroli hukauka na kumeguka. Huu ulikuwa laini. Niliuweka kiganjani, ukayeyuka. Nikaunusa. Yalikuwa mawese.

Petroli ilikuwa adimu, nami niliitunza kwenye dumu la njano lililowahi kubeba mawese. Nililiosha kwa maji ya moto na majivu, kama tunavyofanya wote, na kwa maji ya kunywa hiyo inatosha. Petroli iliyakwangua mafuta yaliyobaki kwenye pembe. Usiku ilikauka ndani ya kabureta, mafuta yakabaki, na baridi ya asubuhi ya Kasulu ikayagandisha. Mchana yaliyeyuka yenyewe. Kumbe jua ndilo lililokuwa linatengeneza gari, nami najipa sifa. Kwenye kitabu changu hapakuwa na neno mawese.

Siku nzima niliosha kila bomba. Ijumaa tuliondoka na petroli safi, na gari lilipanda milima yote bila kusita.

Darasa la kanisa lilikuwa limefagiliwa. Mzee aliyekuwa akilitunza alitutazama, kisha akalitazama gari.

"Ninyi ndio wenye gari?" akauliza. "Malori yalikuja Jumatano, bibi akakataa kupanda. Jana yakaja tena. Alishika mwimo wa mlango, anasema mtoto wangu anakuja. Ikabidi wambebe. Hawakumtesa, mama. Paa hili linavuja, na alikuwa anatetemeka."

"Walimpeleka kambi gani?"

"Malori yalikuwa matatu. Kila moja lilikwenda kwake."

Jirani yangu hakunilaumu, siku ile wala baadaye. Tulianza na kambi ya Mtabila, kisha tukaenda makambi ya upande wa Kibondo. Kila mahali alitaja jina la mama yake kwa karani, na karani alipitisha kidole kwenye orodha. Kambi moja jina lilipatikana. Tulipita kati ya mahema mpaka mwisho wa mstari, na mwanamke mwenye mtoto mgongoni akatoka nje, kijana kuliko jirani yangu. Jirani yangu alimsalimia kwa Kirundi. Akamuuliza habari za watoto, akamuuliza kama maji yanapatikana karibu, akamwachia maharage aliyokuwa amebeba, kama mgeni aliyemjia yeye hasa.

Njiani aliniuliza kambi ambazo hatujafika zimebaki ngapi. Nikahesabu, nikamwambia mbili. Tulikwenda zote mbili, na kote kidole cha karani kilifika mwisho wa orodha.