Taka za Hollis Corrow

Hollis Corrow alikuwa fundi wa madaraja ya mbao, yale yenye paa kama ghala, na pia mwenyekiti wa mkutano wa mji wa Harlow Gap, jimbo la Vermont, Marekani. Kazi ya kwanza ilimlisha, ya pili ilimpa raha. Kila Machi watu walipojaa ukumbini kugombania barabara na greda, yeye ndiye aliyeshika nyundo ya kugongea meza, na hakuna aliyefungua kinywa bila idhini yake.

Mwaka mmoja alipata kazi ng'ambo ya mto, jimbo jirani la New Hampshire, kufufua daraja lililooza. Akapanga chumba kule tangu theluji ilipoyeyuka mpaka ilipoanguka tena. Jioni alikwenda kuvua, na hapo ndipo alipojikwaa. Dukani waliuliza kama ni mkazi, maana leseni ya kuvua ya mkazi ni rahisi. Hollis, bahili wa kuzaliwa, akasema ndiyo, akataja anwani ya kile chumba.

Kazi ikaisha, akarudi kwao, msimu wa kodi ukawadia. New Hampshire haikati kodi kwenye mshahara, kwa hiyo mafundi wenzake walimshauri aseme alihamia huko. Banda lake la kuchemshia utomvu wa miti uwe shira lilikuwa linavuja, likidai paa jipya, basi shauri lile likamkaa vizuri moyoni. Akaenda nalo maktaba ya mji, kwa Winnie Stocker, mama anayewajazia watu fomu za kodi.

Winnie alitaka kujua mkewe Noreen alibaki wapi, mbwa alilala wapi, na kazi ikiisha yeye mwenyewe alikusudia kwenda wapi.

"Nyumbani, dada. Ningekwenda wapi tena?"

"Basi hukuhama, ulikwenda kazini ukakawia. Kodi yako ni ya Vermont. Na ukishikilia kwamba ulihama, nyundo uiweke chini, maana mkutano wa mji ni wa wakazi."

Hollis akakuna ndevu. Ghafla lile paa bovu likaanza kuonekana linavumilika. Akatia sahihi kama mkazi wa Vermont. Habari ya leseni akaimeza.

Lakini Everett Pruneau, ambaye kwa miaka mingi aliitamani ile nyundo, naye huvua ng'ambo, na alimwona Hollis akimwonyesha mkaguzi wa uvuvi leseni ile. Siku ya mkutano, kabla ya kura ya mwenyekiti, akasimama.

"Huyu ni mkazi wa New Hampshire kwa leseni yake mwenyewe. Wageni tangu lini wakatuongoza?"

Hollis akaona nyundo inamponyoka. Akakiri kwamba leseni anayo, na kwamba aliinunua kwa ubahili tu. Watu walimwamini kuhusu ubahili, mengine walisitasita.

Ndipo akainuka Gus, msimamizi wa jaa la taka la mji, mtu asiyependa maneno.

"Hata alipokuwa akifanya kazi kule, kila Jumamosi alikuja jaani na mifuko. Nilidhani ni ya Noreen. Siku moja ukapasuka mmoja, ndani mna mabaki ya chakula kwenye karatasi za maduka ya kule. Jamaa alikuwa anavusha taka zake mto."

Bibi mmoja wa mbele akamgeukia Hollis. "Kweli, mzee? Taka?"

"Kule wanatoza kila mfuko," Hollis akasema. "Halafu, Jumamosi nisipokuja jaani mtanisengenya."

Kicheko kikapanda mpaka darini. Winnie akangoja kitulie, kisha akamuuliza Everett, kwa upole, ni nani aliyekuwa akimuuzia tikiti za bahati nasibu ya kuchangia zimamoto pale jaani kila Jumamosi, kiangazi kizima.

Everett akatazama viatu vyake. "Hollis," akasema.

Wakapiga kura, nyundo ikabaki palepale ilipokuwa.

Kesho yake Hollis alivuka mto, akairudisha leseni na kulipa faini bila kunung'unika sana. Mwenye duka akamuuliza, sasa aandike kwamba yeye ni mkazi wa wapi.

"Waulize jaani," Hollis akajibu, akaenda zake nyumbani kuziba paa.