Siku Nilipogeuza Ng'ombe kwa Redio

Redio za watu binafsi zilipoanza kuruhusiwa, nilipata kazi ya kuwatangazia madereva hali ya barabara hapa Bariadi. Asubuhi moja niliona dirishani kundi la ng'ombe limeziba njia ya Dutwa. Nikatangaza, "Wenye mifugo, rudini mlikotoka, mabasi yapite."

Mchungaji mmoja alikuwa na redio kwenye baiskeli. Kundi zima likageuka, na vumbi lake. Sikujua mdomo wangu una nguvu kiasi kile.

Nilikuwa bado nawasimulia wenzangu, baba akaingia amevaa koti la sherehe, anahema.

"Umesahau leo tunapokea mahari ya dada yako? Nimewakimbilia wakwe njiani. Wameniuliza aliyewafukuza redioni ni mtoto wa nani. Nimesema simjui."