VLOOKUP zinavyolemea faili: niliyajua Mbeya miaka ya sabini, kwa penseli na wivu

Krr-chak! Krr-chak!

Nilikuwa bado kwenye korido niliposikia mashine ya kujumlisha, na moyo ukaniuma kabla sijaona anayeizungusha. Ambakisye, karani mwenzangu, alishaanza kazi.

Wakuu, heshima kwenu. Naona mnalalamika Excel inaganda mkibadilisha namba moja tu. Haya yalinikuta mwenyewe, siongezi chumvi.

Ofisi ya kugawa mbolea, Mbeya. Makarani ndio tulikuwa Excel. Karatasi pana kama shuka, kila mstari kijiji: Ubaruku, Rujewa, vingine mpaka macho yanaingia ukungu. Kando yake, jedwali la umbali, ekari na kiwango cha mbolea.

Nafasi ya mkuu wa makarani Iringa ilikuwa moja. Tulioitaka wawili: Ambakisye, na mimi, kijana niliyeota kuandika riwaya.

Kila safu nilikitafuta kijiji upya kutoka juu ya jedwali. Umbali, natafuta. Ekari, natafuta kilekile. Kiwango, natafuta tena.

Ambakisye alitafuta mara moja tu. Akaandika pembeni, kwa penseli, namba ya mstari wa kijiji kwenye jedwali. Kwa mengine alikwenda moja kwa moja kwenye mstari huo.

Namba zile niliziona. Nikadhani anajionyesha kwa Sekela, mpiga chapa wetu, mwenye kicheko kama mvua ya kwanza juu ya bati.

Asubuhi hiyo viwango vyote vilibadilika. Bosi wetu, Mzee Sanga, akatugawia vijiji nusu kwa nusu. "Atakayemaliza kwanza bila kosa, afungashe mizigo ya Iringa."

Viwango vilibadilika, majina ya vijiji hayakuhama. Namba za Ambakisye zilibaki sahihi. Mimi nikaanza kusaka upya.

"Kaka mwandishi, bado uko Rujewa?" Sekela akanitania. "Mwenzio anakaribia Iringa!"

"Muache, dada," Ambakisye akasema. "Anatafuta msamiati."

Wakacheka pamoja. Hiyo *pamoja* ndiyo iliyonichoma.

Somo, wakuu: VLOOKUP tatu kwa mstari ni kutafuta mara tatu, na ukigusa jedwali zote zinaanza upya. Weka MATCH, ile inayotoa namba ya mstari, kwenye safu yake; INDEX zichukue namba hapo ziende moja kwa moja. Majina yasipoguswa, MATCH hairudii kusaka.

Nyie mmepunguzaje uzito? Mwageni uzoefu.

Na kwa mtakaouliza nani alikwenda Iringa: mchana uleule Mzee Sanga alimpa Ambakisye mkono wa hongera, naye akatangulia nje. Sekela akainuka na koti la Ambakisye. Koti! Utadhani jamaa hana mikono.

Nikamwita.

"Nakuja," akasema, akatoka, akauvuta mlango nyuma yake.