Siku Mheshimiwa Aliposema "Gazeti Yetu"

Nakumbuka siku moja, mwanangu Keji, mheshimiwa mmoja wa bunge alipoingia ofisini kwetu mtaani Hai Jalaba, akavuta kiti bila kukaribishwa, akaitisha chai. Nakusimulia hili kwa sababu umeniambia Jumatano unaenda mbele ya kamati ya bunge, kuomba sheria ya kuyalazimisha makampuni makubwa ya mtandao yalipe vyombo vya habari. Nimechoka, magoti yananiuma, na sina nguvu ya kubishana nawe. Wewe nisikilize tu.

Madai yenu ni ya haki. Mnahangaika kutafuta habari, watu wanazisoma kwenye simu, na anayetajirika ni mwingine ambaye hajawahi kukanyaga vumbi la Juba. Najua pia kwamba bila pesa hiyo tovuti yenu ya habari itafungwa. Usidhani sijui uchungu wake. Sisi yalitupata hayo hayo.

Wakati huo nilikuwa na damu moto, nimerudi juzi tu kutoka Nairobi, nikiandikia gazeti dogo la Mzee Lado. Kampuni moja ya simu ilikuwa ikichukua vichwa vya habari zetu na kuwauzia wateja wake kwa meseji, na sisi hatuoni hata senti. Ndipo huyo mheshimiwa akajitolea kutupigania: angepitisha kanuni ya kuilazimisha kampuni itulipe. Loo, tulifurahi! Mishahara iliyochelewa tukaanza kuipangia matumizi.

Kabla kanuni haijapita, nikaleta habari kutoka mtaa wa Gumbo. Watoto walikuwa wanaharisha, na akina mama walishagundua kwamba magari fulani ya tangi yanayowauzia maji yanayavuta mtoni pale pale mtaro wa uchafu unapoingilia. Magari hayo yalikuwa ya mheshimiwa wetu. Nilimpigia simu kumwuliza, kama kazi inavyotaka. Ndiyo sababu alikuja kunywa chai.

Hakufoka, mwanangu. Afadhali angefoka. Alicheka, akasema, "Lado, huyu binti anataka kuandika maneno mbaya kwa gazeti yetu?"

Mzee Lado akaweka kikombe chini. "Umesema gazeti ya nani?"

"Yetu. Si mimi ndiye natafutia nyinyi pesa?"

Mzee Lado alikuwa mpole kupita kiasi, mtu wa kusema "malesh, malesh," yaani samahani, hata ukimkanyaga mguu. Siku hiyo hakuisema. "Mheshimiwa, maliza chai. Hiyo kanuni wacha. Khalas, imekwisha."

Mgeni alipotoka, mzee akanigeukia kwa ukali ambao sikuwahi kuuona. "Wewe umefurahi sana wiki hii. Umesikia hilo neno? Hajaleta hata senti, na tayari anasema yetu. Andika habari yako."

Tuliichapa. Kanuni ikafia kwenye kamati, na sisi, sitakudanganya, tulifunga mlango kabla mvua hazijaisha. Mzee Lado alikufa bila gazeti. Nililia sana, na hata leo kuna siku najiuliza kama tulikuwa wajinga.

Lakini kuna mama wa Gumbo anayeuza mboga pale soko la Custom. Wanawe walikuwa miongoni mwa wale wagonjwa. Aliposomewa habari ile, aliacha kununua maji yale. Juzi nilipita mezani kwake, akamwambia mwenzake, "Huyu mama alikuwa wa ile gazeti yetu." Yetu, Keji! Nilishindwa hata kuchagua nyanya.

Basi shauri langu ni hili. Hayo makampuni yadaini, tena kwa sauti, vyombo vyote vya habari kwa pamoja, mkae nayo meza moja na wasomaji waone mnachokubaliana. Lakini usimwombe mbunge, mtu unayepaswa kuandika habari zake, akudaie. Pesa ikishapitia mkononi mwake, siku utakapopata habari ya maji atakuja kunywa chai. Na mkikosa, mkose. Mkifunga, mfunge. Inauma, najua, lakini watu watakumbuka mlikuwa wa nani.

Jumatano nenda bungeni, ila nenda na kalamu, ukaandike wanachosema. Mungu akutangulie mwanangu, akupe riziki isiyokufunga mdomo, na ukifika umri wangu, apatikane hata mtu mmoja sokoni wa kukuita wake. Haya, nishike mkono niinuke.