Binamu Yangu Hakuwa na Chama

Mwaka ule wa uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi, binamu yangu alichoma banda la mikutano la chama kimoja mtaani kwetu, Lipangalala. Ilikuwa mchana kweupe. Aliwasha nyasi za paa kwa kijinga cha moto, kisha akakaa chini kama anayesubiri kupongezwa. Hakufa mtu, lakini upepo uliupeleka moto kwenye ghala la mpunga la mjane jirani, nasi tukakimbia na watoto migongoni.

Majivu hayajapoa, wenye banda walisema katumwa na wapinzani. Wapinzani wakasema kanunuliwa ili wao wasingiziwe. Mimi, mwenye wiki tatu za upinzani na kilemba kipya cha chama, nilipiga kelele kuwazidi waanzilishi wa chama chenyewe.

Polisi walimchukua. Mama mdogo, aliyemzaa, akamfuata mjumbe wa nyumba kumi, aliyekuwa anaandika maelezo ya mashahidi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mama. Nani alimtuma mwanao?"

"Aliniunguzia jiko kabla vyama vingi havijaja. Alisema sufuria zinamsengenya. Sasa jiko langu lilikuwa chama gani?"

Mjumbe akaweka kalamu. Sote tulijua binamu anaumwa akili. Kampeni ndiyo ilitusahaulisha.

Alipelekwa hospitali, akaanza sindano za kila mwezi. Kwetu hofu ilibaki. Watoto walilia wakiona moshi wa mama ntilie, na watu wazima walichota maji kisima kimoja bila kusalimiana, jambo ambalo kwetu ni zito. Mwishowe mjane akaita watu wa pande zote waje kukandika ghala jipya.

"Njooni na vilemba vyenu," alisema. "Udongo hauchagui."

Tope likiwa mpaka viwikoni, kila mtu alieleza alikimbilia wapi siku ile. Mjumbe alikiri kwamba aliokoa redio kabla ya kumkumbuka mkewe. Mkewe, aliyekuwa anakanyaga tope pembeni, alisema alikuwa anangoja tu aliseme mwenyewe. Tulicheka, na baadhi yetu tukalia katikati ya kicheko.

Miezi michache baadaye binamu alirudi, kanenepa kidogo kwa dawa, mkimya. Mjane alimpa kigoda, ila kiberiti alikifunga kwanza kwenye pindo la kanga.

"Ulinitisha, mwanangu."

"Hata mimi nilijitisha, mama."

Akammiminia uji, akakaa naye mpaka akaumaliza.