Mbwa Aliyengoja Nimwite

Ndugu zangu, ninyi mnaonisikia leo nikiongea bila kupumua, jueni kuna wakati sikuweza hata kuomba maji.

Miaka ya sabini nilikuwa naendesha baiskeli ya abiria mpakani Busia. Ilikuwa kazi mpya na tamu. Msafiri akishuka, unamwita "boda, boda" kabla mwenzako hajamfikia, unampakia nyuma na mzigo wake, unamvusha. Ni kazi ya miguu na mdomo, na kwa mdomo sikuwa na mpinzani.

Asubuhi moja mkono wa kulia uliachia usukani wenyewe. Nilianguka. Nikataka kusema nimeumia, ulimi ukalala mdomoni kama kipande cha nyama. Hospitalini walisema ni kiharusi, presha ilikuwa imepanda. Mdomo ulipinda, mate yakanitiririka hadi kifuani, na mkojo sikuweza kuuzuia. Nilipoanza kujikokota kwa fimbo, daktari alimwambia mke wangu, Nafula: "Mama, sauti inaweza kurudi. Lakini msimsemee. Mwacheni ahangaike."

Nani angetii hayo kwetu? Mgonjwa hutembelewa, na mgeni asipojibiwa haraka ataona amedharauliwa. Nikifungua tu mdomo, Nafula alishasema: ameshukuru, amelala vizuri, anawasalimu. Alifanya hivyo kwa upendo. Nami nikazoea kunyamaza, huku nikiogopa sana kwamba nitazikwa nikiwa bubu.

Barasa, kaka yake Nafula, alikuwa akitunza banda la mbwa la idara ya mifugo huko Malaba. Wasafiri waliovuka na mbwa wasiochanjwa dhidi ya kichaa cha mbwa waliwaacha hapo, na wengi hawakurudi kuwachukua. Mbwa akikosa mwenyewe, aliuawa. Siku moja Barasa alinipeleka huko nikabadilishe hewa. Kulikuwa na dume mmoja, mtu mzima kabisa, ana mvi kidevuni. Alikuwa chotara: kifua cha mbwa wa polisi, miguu mifupi ya mbwa wetu wa kijijini. Watu walitaka vitoto, huyo hakuna aliyemtaka. Alikuja akaweka kichwa kwenye mkono wangu uliokufa. Nikaishika kamba yake kwa ule mzima, nikakataa kuiachia.

Nyumbani tulimpa jina Simba. Walimwita kwa Kiswahili, kwa Kiteso, kwa Kiluhya, hakugeuka. Majirani wakacheka kwamba bubu amejiletea kiziwi. Kisha akapita mama muuza ndizi kutoka Uganda, akasema tu "jangu", yaani njoo kwa Kiganda. Mbwa akaruka kumwendea. Nililitamani lile neno, jamani.

Tangu hapo, wageni wakishaondoka, nilijaribu. Ilitoka "aaa" tu. Simba alikaa mbele yangu, masikio juu, akangoja. Hakunimalizia neno. Taya liliniuma, jasho likanitoka, naye anangoja tu.

Shida ni kwamba alikula mayai ya kuku wa Nafula. Mwishowe uvumilivu ulimwishia mke wangu, akamwita Barasa amrudishe mbwa bandani. Nilijua maana yake. Nikagonga fimbo chini, nikatikisa kichwa. Nafula akamwambia kaka yake kwamba nimekubali. Barasa akavuta kamba, mbwa akaenda huku amegeuza shingo kunitazama.

"Jangu," nikasema.

Kamba ilimchubua Barasa kiganja. Simba alinirukia, tukaanguka pamoja na kigoda. Nafula akauliza ni nani ameongea. "Jangu," nikarudia, "jangu, jangu," nalia, nacheka, mate yananimwagika. Mke wangu akakaa kwenye vumbi akalia na mimi. Kufikia jioni mtaa mzima ulijua kuna Mteso amepona akiwa Mganda.

Kiswahili kilifuata, kisha Kiteso, neno moja moja. Miguu nayo ilipata nguvu kwa kumfuata Simba, mkono kwa kushika kamba yake, nikarudi mpakani. Mayai tulimsamehe, akaishi nasi hadi uzee ukamchukua.

Namshukuru Mungu, namshukuru daktari, na mbwa yule namshukuru bila aibu. Nanyi pimeni presha mapema. Ukiwa na mgonjwa aliyepoteza sauti, kaa mbele yake unyamaze, hata chai ipoe. Nafula amejifunza. Leo mgeni akimwuliza habari za mumewe, humjibu: "Muulize mwenyewe."