Nimemkuta mama mkwe kliniki ya kugandisha mafuta

Leo nimefumaniwa na mama mkwe, na yeye nimemfumania.

Nyumbani niliaga naenda sokoni. Kumbe naenda kliniki moja hapa Soweto, Mbeya, wanakogandisha mafuta ya tumbo kwa mashine, bila kisu.

Kufungua mlango, mama mkwe huyo kwenye benchi. Mama wa kanisa, katokea Mafinga bila kutuambia.

"Shikamoo mama."
"Marahaba. Kaa, mwanangu."

Nikakaa pembeni yake.

Akasema taratibu, "Nimezaa sita. Nimemuuguza baba yenu mpaka tukamzika. Sijawahi kujifanyia kitu changu mwenyewe."

Nikamshika mkono.

Akaitwa yeye kwanza. Akasimama, akasita.
"Wanasema ina baridi sana. Utaingia na mimi?"

Nikaingia. Alinibana vidole muda wote, tukicheka chinichini kama wasichana wa bweni.

Zamu yangu ilipofika, akakaa pembeni yangu, akanifunika miguu kwa kitenge chake.

Ameniruhusu niandike, ila mwanawe, mume wangu, asijue. Hayumo kwenye kundi hili, nitunzieni siri.

Miaka saba nimemwogopa huyu mama. Ninyi wakwe zenu mnawajua kweli?